Jina Lake Umelitaja Mara Nne

Mjane alisubiri mpaka watu wote watoke. Mkononi alikuwa na nakala ya hotuba yangu, kurasa tisa, ameikunja katikati kama barua. Alinishukuru kwanza, akasema sauti yangu imesikika hadi nyuma na sikubabaika. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, jina lake umelitaja mara nne tu. Nilikuwa nahesabu."

Hayo ndiyo yalikuwa mazishi yangu ya kwanza kuyaongoza peke yangu kama mhumanisti, yaani mtu anayeongozwa na akili na utu bila kutegemea dini. Hayakuwa na sala, wala kitabu kitakatifu, wala ahadi ya kuonana ng'ambo ya pili, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuyaamini hayo na alikuwa ameiomba familia yake isimsemee asichokiamini. Nilijiandaa wiki nzima. Na kwa kuwa niliogopa shughuli isiyo na Mungu itaonekana tupu, niliijaza falsafa. Nilimnukuu Epicurus, yule Mgiriki aliyefundisha kwamba tukiwapo sisi kifo hakipo, na kifo kikija sisi hatupo. Nilimnukuu Terence, mtunzi wa tamthilia aliyetoka Afrika Kaskazini akapelekwa Roma akiwa mtumwa, ambaye mhusika wake anasema yeye ni binadamu na hakuna jambo la kibinadamu lililo geni kwake. Ni maneno mazuri, na nayaamini hadi leo. Lakini mwanamke aliyeishi na mtu miaka arobaini na moja hakuja pale kuelezwa kifo ni nini. Alikuja kumsikia mumewe.

Kosa hilo lilinichoma zaidi kwa sababu mimi mwenyewe lilishanifika. Miaka michache kabla ya hapo tulimzika kaka yangu. Alikuwa ameacha dini tangu ujana wake, kwa utulivu, bila kumtukana mtu, na alipougua aliandika kwa mkono wake mistari mitatu: asisomewe, watu waliompenda waseme wanachokumbuka, kisha tumwache apumzike. Karatasi hiyo alinipa mimi. Siku ya mazishi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Kiongozi wa dini aliyeitwa na wazee hakuwahi kumwona kaka hata siku moja. Alilikosea jina lake mara mbili, akaliita jina jingine linalofanana nalo, na akatuomba tusikate tamaa kwa huyu aliyepotea njia, kwa kuwa rehema ni pana. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeishika ile karatasi juu ya kitambaa cha shati, na sikuitoa.

Simlaumu yule bwana. Alifanya kazi aliyoitiwa, na aliifanya kwa upole. Ninachojua ni kwamba tuliondoka makaburini bila mtu yeyote kutaja kwamba kaka alikuwa akipiga mluzi akinyoa ndevu, kwamba alilea mtoto asiye wake bila kumwambia mtu, kwamba alisoma magazeti akianzia ukurasa wa mwisho. Alizikwa mtu mwingine.

Baadaye nilihudhuria mazishi ya mfanyakazi mwenzangu yaliyoongozwa na mhumanisti. Katika dakika tano za mwanzo nilijua mambo matatu kuhusu mwanamke niliyekaa naye ofisi moja miaka sita bila kuyajua. Nilitoka pale nikauliza watu wa namna hii wanafundishwa wapi.

Mafunzo yalichukua miezi. Unakaa nyuma ukiwatazama wenzako wakiongoza. Unaandika hotuba za mazishi ya kubuni, unarudishiwa zimejaa wino mwekundu. Unajifunza kusema karibu na kaburi upepo ukivuma. Vilevile unasoma historia: mkutano wa Amsterdam mwaka 1952, ulioendeshwa na mwanabiolojia Julian Huxley, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, ndio uliounda jumuiya ya kimataifa ya wahumanisti na kutoa tamko lao, ambalo limeandikwa upya mara mbili tangu hapo, mara ya mwisho Glasgow mwaka 2022. Kiini chake ni kwamba wema na ubaya ni mambo tunayoweza kuyapima kwa akili na huruma, kwamba kila mtu ana heshima yake, na kwamba maisha haya ndiyo tuliyonayo, kwa hiyo wajibu wa kuyafanya yawe mema uko mikononi mwetu.

Nilipokuwa nikiyasoma hayo nilijiona nina bahati ya lugha. Wenzangu walihangaika kueleza uhumanisti kwa ndugu zao. Mimi nilikuwa na neno tayari. Tukisema fulani hana utu, hatumaanishi hana dini, na tukisema fulani ana utu, hatuulizi anasali wapi. Hilo nimelieleza kwa wazee waliokuja wamenuna, wakidhani nimeletwa kuwatukana, na nimeona nyuso zikilegea.

Baada ya yule mjane nilibadilisha namna ya kufanya kazi. Siku hizi naenda kwa wafiwa na daftari tupu, nakaa saa mbili, wakati mwingine tatu, na sehemu kubwa ya muda huo sisemi. Kiongozi wa dini ana maandiko ya kuegemea. Hata akimjua marehemu kidogo, maneno yenyewe ya ibada yamebeba machozi ya vizazi na yatawashika watu. Mimi sina kitabu hicho. Nikienda bila kumjua marehemu, sina kitu kabisa.

Nimejifunza pia kutouliza alikuwa mtu wa namna gani. Ukiuliza hivyo, jibu ni lilelile katika kila nyumba: alikuwa mcheshi, mtu wa watu, aliipenda familia yake. Wanaosema hivyo hawadanganyi, ila msiba unawapa maneno ya kukopa. Mimi nauliza: Jioni mikono yake ilikuwa ikifanya nini? Kitu gani kidogo kilimkasirisha? Akirudi nyumbani, mlijuaje ni yeye kabla hamjamwona?

Swali la mikono nililiuliza katika nyumba ya fundi redio. Binti yake alikuwa amejibu kila kitu kwa kifupi, kama mtu anayejaza fomu. Alinyamaza, akasimama, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na kopo la bati. Ndani mlikuwa na vibahasha vya karatasi vilivyokunjwa kwa mkono, vidogo kama kucha ya dole gumba, na katika kila kimoja skrubu moja au mbili. Juu ya kila kibahasha kulikuwa na maandishi ya penseli: redio ya nani, skrubu imetoka upande gani, mwaka. Baba yake akifunga redio na skrubu ikabaki, hakuitupa. Aliihifadhi hadi mwenyewe atakaporudi. Kimoja kilikuwa cha mwaka 1978. "Mwenye redio hii alishafariki," binti akasema, "na baba alijua." Akacheka, cheko likageuka kilio, na mdogo wake, ambaye hakuwa ametamka neno tangu niingie, akasema, "Alikuwa akiniambia kitu cha mtu ni cha mtu hata kama kimesahaulika."

Nilifunga daftari hapo. Siku ya mazishi lile kopo lilikaa juu ya jeneza. Sikueleza maana yake, nilisimulia tu lilivyojaa, kibahasha baada ya kibahasha, na kila aliyetaka alichukua kimoja wakati wa kutoka. Jina la fundi nililitaja mara thelathini na moja. Nilihesabu.

Tangu siku hizo za mwanzo nina desturi nyingine ambayo sijawahi kuiacha: hotuba nzima naipeleka kwa familia siku mbili tatu kabla, waisome, wakate, waongeze. Hotuba ni yao. Mjane yule angeipata mapema angeniambia wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Nilidhani jambo gumu litakuwa waumini. Katika familia nyingi marehemu hakuamini lakini dada yake anaamini, mama yake anaamini, nusu ya waombolezaji wanaamini. Mwanzoni niliwaona kama watu wa kupita nao kwa tahadhari. Kisha nikafanya mazishi ya bwana mmoja ambaye dada yake mkubwa alinipigia simu usiku wa kuamkia mazishi. Hakufoka. Alisema, "Mimi nimemlea. Nitasimama pale kama jiwe?" Nikamweleza kwamba katika kila mazishi yetu kuna muda wa ukimya, na kwamba nitasema wazi kuwa kila mtu autumie atakavyo: kumkumbuka, au kumwombea kama moyo wake unavyomtuma. Kesho yake nilisema maneno hayo na nikahesabu dakika mbili kamili badala ya moja. Nilimwona midomo ikitembea. Alimwombea ndugu yake kwa dini yake, bila sauti, na bila yule ndugu kusemewa asichokiamini mbele ya watu. Wote wawili waliheshimiwa kwa dakika zilezile mbili. Baadaye alinishika mkono asiseme kitu, na hadi leo sijapata malipo yanayozidi hayo.

Ukimya huo si jambo la kudharau. England na Wales, hadi sheria ya mwaka 1880 ilipopita, uwanja wa kanisa la parokia ulikuwa na ibada moja tu ya maziko, ya Kanisa la Anglikana, hata kama marehemu alikuwa wa dhehebu jingine au hakuwa na lolote. Sheria hiyo ndiyo iliyoruhusu mtu azikwe pale kwa ibada nyingine ya Kikristo, au bila ibada kabisa. Watu walipigania haki ya kuteremshwa kaburini kimya. Nikisimama dakika zile mbili huwa nawafikiria.

Mazishi yaliyonifundisha zaidi yalikuwa ya mtu ambaye watoto wake hawakumpenda. Walikuwa watatu, watu wazima, wamekaa mbali mbali chumba kimoja. Mkubwa aliniambia moja kwa moja: "Ukimsifu tutatoka." Alikuwa mkali wa mkono, na aliondoka mdogo wao akiwa na miaka saba. Wangeweza kutokuja. Walikuja, na kwa kuwa walikuja, niliamua kwamba kuna kitu wanakitaka. Tuliandika hotuba hiyo mara tano. Sentensi iliyobaki ilikuwa hii: "Hakuwa mtu rahisi kuishi naye, na waliokuwa watoto nyumbani kwake ndio waliolipa." Halafu tukataja mambo mawili aliyoyafanya vizuri, mawili tu, kwa sababu hayo mawili yalikuwa kweli: alijua kuimba, na alimfundisha binti yake kusoma saa. Nilipoisoma ile sentensi nilisikia pumzi ikitoka ukumbini, kama watu waliokuwa wamebeba mzigo wakautua pamoja. Jirani mmoja alinilaumu baadaye kwamba marehemu hasemwi vibaya. Nilimsikiliza. Lakini watoto wale watatu walitoka wakitembea pamoja, na waliingia mmoja mmoja.

Harusi ni furaha, nami nazipenda, ingawa hazinifundishi kama misiba. Shida yake ni sheria. Ninapofanyia kazi mimi, ndoa ninayofungisha haitambuliwi na serikali, kwa hiyo wachumba hutangulia kwa msajili wakiwa na mashahidi wawili, wanatia saini siku ya kazi, kisha wanakuja kwetu mbele ya watu wao kusema viapo walivyoviandika wenyewe. Bibi harusi mmoja aliniuliza aandike tarehe ipi ndani ya pete. Tarehe ya karatasi au tarehe aliyolia? Sikuwa na jibu. Aliandika ya pili.

Kwingine mambo yamekwenda mbele. Scotland ilizitambua ndoa za kihumanisti mwaka 2005, na ya kwanza ilifungwa Juni mwaka huo katika bustani ya wanyama ya Edinburgh. Ilipofika 2019 zaidi ya ndoa moja kati ya tano huko ilikuwa ya kihumanisti, na zilizipita ndoa za Kikristo za madhehebu yote zikijumlishwa. Ireland ilibadilisha sheria yake mwaka 2012, na Ireland Kaskazini ikafuata 2018, baada ya wachumba wawili kwenda mahakamani. England na Wales hali ni tofauti: mwaka 2013 Bunge liliwapa mawaziri uwezo wa kuziruhusu, miaka ikapita uwezo huo haujatumika, na mwaka 2020 wachumba wa jozi sita wakaenda Mahakama Kuu kudai haki hiyo. Tofauti moja naiona kubwa. Scotland sheria inamtazama anayefungisha ndoa, kwa hiyo anaweza kuifungisha mlimani au ufukweni. England imezoea kutazama jengo.

Wapo wanaosema umaarufu huu ni mtindo tu, watu wanataka picha nzuri machweo. Wachache, ndiyo. Nimeshawahi kukataa kazi ya watu waliotaka maua na maneno matamu na hawakutaka kukaa nami hata saa moja. Lakini wengi wanaokuja kwangu wanasema jambo moja kwa njia tofauti: hawataki, katika siku kubwa kuliko zote, kutamka neno wasilolimaanisha. Kwangu hilo ni jambo zito, na muumini wa kweli analielewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu naye hataki Mungu wake aitwe kwa mdomo mtupu.

Katika harusi za Scotland wanapenda sana kuwafunga maharusi mikono kwa kitambaa, mkono wake na wake, fundo moja. Niliposhuhudia mara ya kwanza nilishtuka, maana sisi katika Kiswahili tumekuwa tukisema fulani na fulani wamefunga pingu za maisha, na hapa naziona pingu zenyewe kwa macho. Sasa kila nikifunga fundo lile naisema kauli hiyo kwa sauti.

Shughuli za kumpa mtoto jina ni fupi na tamu, na bibi huwa ndiye mwenye wasiwasi. Nawaomba wazazi wampe bibi kazi: amweleze mtoto jina hilo limetoka kwa nani. Za vijana wanaoingia utu uzima sijawahi kuongoza, nazitamani. Norwei wanazo tangu 1951, na siku hizi vijana zaidi ya elfu kumi hushiriki kila mwaka, wakitanguliwa na kozi ya maadili, haki za binadamu na namna ya kufikiri kwa makini. Mtoto wa miaka kumi na minne anafundishwa miezi kadhaa kujiuliza anaamini nini na kwa nini, kisha watu wake wanasimama kwa heshima yake. Ningempa kila kijana nafasi hiyo, wa dini yoyote.

Mama yangu anaamini. Anasali asubuhi na usiku, na kazi yangu hakuwahi kuizungumzia kwa miaka mingi. Hakunikataza wala kuniuliza. Mwezi uliopita nilimkuta amekaa dirishani, akaniambia nilete daftari lile ninalokwenda nalo kwa watu. Akasema mazishi yake atazikwa na kiongozi wake wa dini, sala zote, asipunguziwe hata moja, na mimi nitakaa kiti cha mbele nisikunje uso. Nikakubali. "Lakini wasifu utausoma wewe," akasema, "na nataka niusikie kabla." Nikamuuliza maswali yangu. Aliyajibu kwa mpangilio kana kwamba alikuwa ameyasubiri. Aliniambia kwamba alijua kuogelea, kwamba akiwa msichana alikuwa akivuka mto kwenda na kurudi bila kupumzika, na kwamba aliacha siku alipoolewa. Miaka yote hii sikujua mama yangu anajua kuogelea.

Tulipomaliza nilianza kufunga daftari. Akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Fungua upande mwingine," akasema. "Sasa ya kaka yako. Anza na jina lake, na uliandike sawasawa."